Mashua Kuukuu ya Alumini: Jinsi ya Kuitengeneza Ivue Samaki, Isizamishe Watu

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mfasiri mmoja wa serikali katikati ya mji wa Nairobi, mbele ya mafundi, wavuvi na watu wengine wapendao kazi za mikono. Twayapiga chapa kwa faida ya wasomaji wetu wa mjini na wa mashambani.)



Rafiki yangu mmoja aliposikia ya kuwa nitasema habari za mashua mbele ya watu wa Nairobi, alicheka, akaniuliza, "Mashua ya Nairobi itaelea wapi, juu ya lami?" Swali lake si baya. Jina la mji wetu latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi, walakini maji ya kuelea chombo ni haba. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953 karibu na Kibera, lilikuwa mahali pa watu kutweka matanga siku za mapumziko. Baadaye magugu, matope na taka vikalisonga. Basi mwenye mashua hapa kwetu hana budi kuipakia juu ya trela na kuipeleka Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi.

Hata hivyo mashua zipo. Katika viunga vya magharibi, kutoka Karen hata Dagoretti, mara moja moja utaiona moja nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai, kuku wametaga ndani yake. Mwenyewe amehama au amezeeka, naye yu tayari kuiuza kwa bei ndogo. Na mtu mwenye bidii huitazama akasema moyoni, "Hii nikiipaka rangi, nimepata mashua." Ni mtu huyo ninayetaka kusema naye leo, kwa sababu mimi nilikuwa mtu huyo.

MASHUA YENYEWE

Mashua ninayoisema ni ya namna ya Kimarekani, yenye chini bapa na omo iliyokatwa mraba kama sanduku. Wenyewe huiita mashua ya Joni. Zamani iliundwa kwa mbao, ikatumiwa katika mito ya Missouri na Arkansas. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha mwaka wa 1945, viwanda vilivyokuwa vikiunda ndege za vita vilitafuta kazi nyingine kwa alumini yao. Kampuni ya Grumman, kwa mfano, ikaanza kuunda mitumbwi. Tangu hapo mashua za alumini zikaenea duniani.

Alumini ni madini yale yale ya sufuria zetu. Uzito wake ni karibu theluthi moja ya uzito wa chuma, hata mashua ya futi 14 huweza kubebwa na watu wanne. Kwa kuwa chini yake ni bapa, hupita penye maji ya kina cha shubiri moja na nusu, katikati ya matete. Ndiyo maana Wamarekani huipenda kwa kuvua samaki na kuwinda bata wa mwitu.

Kuhusu uwindaji, neno moja latosha. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka wa 1977, na sheria ya wanyama wa pori ya mwaka wa 2013 ina adhabu kali. Basi yeyote atakayewatazama ndege wa Naivasha kutoka katika mashua yake, na awatazame kwa darubini. Kwa samaki mambo ni mema zaidi. Yule samaki wa Kimarekani aitwaye besi, ambaye mashua hizi hutumiwa sana kumvua kwao, aliletwa Naivasha katika miaka ya 1920, naye aliishi humo na kuzaana.

KOSA LETU

Miaka michache iliyopita, majirani watatu wa Riruta tulinunua mashua ya namna hii, urefu wake futi 14, upana wake futi 4 na nusu. Muuzaji alituambia ya kuwa haivuji hata tone. Tulimwamini, kwa kuwa tulitaka kumwamini. Fedha zetu tukazitumia kwa mambo yaonekanayo: rangi ya kijani, viti vyenye mito, na vishikio vya fimbo za kuvulia. Jina nalo tukaipa, likaandikwa kwa herufi nzuri. Watoto wa mtaani walikuja kuitazama kila jioni.

Siku ya kwanza tulipoishusha Naivasha tulikuwa watu wanne, pamoja na mpwa wangu wa miaka 15 asiyejua kuogelea. Jaketi la kuokolea maisha tulikuwa nalo moja tu, nalo tulilikalia. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama kioo. Saa nane mchana upepo ukaanza kuvuma. Mawimbi yakaipiga mashua chini, na ribiti zilizokuwa zimelegea zikafunguka. Tuliona maji miguuni tukadhani ni manyunyu. Tulipoinua ubao wa sakafu, maji yalikuwa yamefika nusu ya muundi. Tukafua maji kwa kofia na kwa kopo la chambo. Injini nayo ikaanza kuyumba, kwa kuwa ubao wa tezi ulioishika ulikuwa umeoza ndani. Mpwa wangu hakulia. Alinishika mkono akaniuliza, "Mjomba, tutafika?" Sikuwa na jibu.

Wavuvi wawili walituona, wakaja, wakatuvuta mpaka ufukoni. Mmoja wao, mzee wa makamo, aliigonga mashua yetu kwa kidole akasema, "Kijana wangu, mmelipaka rangi jeneza."

Neno lile halikutoka kichwani mwangu. Tuliirudisha mashua Riruta tukaanza upya, tukisaidiwa na fundi mmoja wa Kawangware aliyeijua alumini kwa kutengeneza sufuria na mabati ya magari. Kazi ilichukua miezi minne. Haya nitakayowaeleza ndiyo tuliyojifunza.

TIA MAJI NDANI KABLA YA KUITIA MAJINI

Jambo la kwanza ni kung'oa kila kitu: viti, sakafu, nyaya, na povu gumu lililo chini ya viti. Usilionee huruma povu kuukuu. Likikaa miaka mingi katika unyevu hunywa maji, na kile kilichowekwa ili kuielesha mashua hugeuka kuwa mzigo. La kwetu lilikuwa zito kama gunia la mchanga mbichi.

Kisha ikalaze mashua juu ya magogo manne au matano yaliyopangwa sawasawa, uimimine maji ndani. Usijaze. Maji ya kina cha sentimita 5 katika mashua kama yetu ni kiasi cha lita 240, yaani kilo 240, na mashua isiyoegemezwa vizuri itapinda. Ingia chini yake na kipande cha chaki, uweke alama kila palipo na tone. Sisi tulihesabu alama 31, katika mashua tuliyoambiwa haivuji.

Ribiti iliyolegea si lazima itolewe. Mtu mmoja hukandamiza chuma kizito juu ya kichwa chake kwa nje, na mwenziwe huigonga kwa ndani kwa nyundo mpaka ikaze. Ikiwa tundu limepanuka, toa ribiti, toboa kwa kipimo kikubwa kidogo, utie nyingine nene zaidi, nayo iwe ya alumini. Ribiti za kuvutwa kwa koleo zina tundu katikati, na maji hupita humo. Ukizitumia chini ya mstari wa maji, chagua zile zilizozibwa mwishoni. Kila ribiti mpya ipakwe gundi ya mpira ya kazi ya majini.

Wengi huuliza, "Kwa nini nisimpelekee mchomeleaji azibe yote kwa siku moja?" Alumini huyeyuka penye joto la digrii 660, tena haigeuki rangi kuwa nyekundu kama chuma kabla ya kuyeyuka. Fundi aliyezoea chuma hangoji dalili, ghafula tundu la msumari likawa tundu la ngumi. Kazi hii yataka mashine yake na gesi ya agoni. Asiyekuwa navyo aiache. Na mtu asikubali kabisa mashua ichomelewe ikiwa bado ina povu au harufu ya petroli.

Kisha tulitazama ubao wa tezi, ule ubeao injini. Kwa nje ulikuwa mzima. Fundi alipoupiga bisibisi, ikazama mpaka mpinini. Tuliukata mpya kwa plaiwudi ya majini, vipande viwili vikaunganishwa kwa gundi, na kingo zote zikapakwa vanishi mara tatu, pamoja na ndani ya kila tundu la bolti. Maji huanzia tunduni.

MADINI YASIYOPATANA

Sasa nasema jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo huua mashua za alumini polepole. Madini mengine hayakai pamoja kwa amani. Alumini ikigusana na shaba penye maji, hutokea nguvu ndogo kama ya betri, na alumini ndiyo iliwayo. Sarafu ya shaba iliyoanguka ndani ya mashua na kusahauliwa katika maji ya ngama yaweza kuutoboa ubati. Risasi za nyavu na skrubu za chuma nazo huleta madhara.

Kwa hiyo bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kila moja iwekewe kikalio cha plastiki ili isiguse alumini uchi. Sisi tulizipata Barabara ya Kirinyaga, iliyoitwa zamani Grogan, baada ya kuzunguka maduka nusu siku. Chukua sumaku na subira. Mbao za kijani zilizotiwa dawa ya mchwa, kama zile za nguzo za umeme, zisitumiwe kamwe, kwa kuwa aghalabu dawa hiyo ina chumvi ya shaba. Vivyo hivyo rangi za kuzuia magugu zilizochanganywa na shaba. Rangi ya kwanza iwe ile iliyotengenezwa mahsusi kwa alumini, la sivyo ya juu itabanduka kama ganda la kiazi.

IKIJAA MAJI, IENDELEE KUELEA

Mashua ya mbao ikijaa maji, mbao zenyewe huelea. Alumini huzama. Hapa ndipo roho za watu zilipo.

Hesabu si ngumu. Kitu kilicho ndani ya maji hupungukiwa uzito. Kilo 80 za alumini ndani ya maji huwa na uzito wa kilo 50 hivi. Injini na betri tuzihesabu kilo 50 kamili. Watu wanne waliomo majini mpaka shingoni, wakiishikilia mashua, tuwape kilo 10 kila mmoja, yaani 40. Jumla ni kilo 140. Kila lita ya hewa iliyofungwa vema, au ya povu zima, huinua karibu kilo moja. Basi lita 140 zatosha kwa shida, na lita 200 ndizo za mtu mwenye akili.

Povu jipya lililo bora ni ghali. Lile jeupe la kufungia redio na televisheni huyeyuka likimwagiwa petroli. Sisi tulitumia mitungi 40 ya plastiki ya lita 5, ile ya mafuta ya kupikia. Tuliiosha, tukaikausha, tukafunga vifuniko kwa gundi, tukaupima kila mmoja katika pipa la maji, kisha tukaipanga chini ya viti na kando ya mbavu za mashua, ikafungwa isitoke. Angalieni: nasema kando, tena juu. Ukiweka vyote sakafuni, siku mashua ijaapo maji itapinduka, tumbo juu, nanyi chini yake.

WATU WANGAPI, NA INJINI GANI

Mashua zilizoundwa Marekani tangu miaka ya 1970 huwa na kibao kidogo karibu na tezi kisemacho idadi ya watu, uzito na nguvu za injini. Kisomeni kabla ya kukipaka rangi. Kikiwa kimepotea, iko kanuni ya Wamarekani wenyewe: zidisha urefu kwa upana, kwa futi, kisha gawanya kwa 15. Yetu ni 14 mara 4 na nusu, yaani 63. Ukigawanya kwa 15 wapata 4 na kidogo. Watu wanne basi, wa uzito wa kawaida, siku ya utulivu. Sisi huenda watatu.

Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini ya petroli hupungukiwa huko nguvu kiasi cha sehemu moja katika tano. Mtu akiona mashua yake yaenda polepole hutamani injini kubwa zaidi. Asifanye hivyo. Injini kubwa ni nzito, nayo huikalisha tezi karibu na maji.

NJIA NA ZIWA

Mashua huumia njiani kuliko ziwani. Trela iwe na mbao mbili ndefu za kuegemeza chini yote ya mashua, kwa kuwa mashimo ya barabara hulegeza ribiti ulizozikaza jana. Sisi hutoka Dagoretti Corner kwa Barabara ya Naivasha, tukapita Riruta na Kawangware mpaka Uthiru, ndipo tukashika barabara kuu. Mwenye kuteremka kwa njia ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kitaliano, asimame penye kanisa lao dogo la mwaka wa 1942 aziguse breki na kamba zake kabla ya kuendelea.

Ziwani, jueni ya kuwa maji ya Naivasha yalipanda sana mwaka wa 2020, yakaingia hata katika nyumba za mtaa wa Kihoto. Maji yakipanda hivyo hufunika miti na nguzo za ua, na ubati wa milimita moja na nusu haushindani na nguzo. Endeni polepole karibu na ufuko. Kiboko mwacheni mbali, wala msipite kati yake na maji ya kina. Tandikeni mkeka wa mpira sakafuni, kwa maana alumini hulia kama ngoma, na samaki husikia. Alasiri upepo ukianza, rudini. Kabla ya hayo yote, mashua ionwe na mkaguzi wa Halmashauri ya Bahari ya Kenya, na mvuvi achukue leseni yake kwa maafisa wa uvuvi.

Na jaketi za kuokolea maisha ni moja kwa kila kichwa, tena huvaliwa. Jaketi lililokaliwa halijapata kumwokoa mtu.

JARIBIO LA MWISHO

Kazi ilipokwisha, mashua haikuwa nzuri kama ile ya kwanza. Fedha za viti vyenye mito zilikwenda katika ribiti na bolti, na rangi haikutosha kuandika jina. Tuliipeleka Naivasha asubuhi, tukamtafuta yule mzee, tukamwambia, "Mzee wetu, tumekuja kuizamisha mbele yako." Akaitazama kwanza kwa kimya, chini na juu.

Penye maji ya kufika magotini, mahali ambapo mzee alihakikisha hapana kiboko, tuliichotea maji kwa ndoo mpaka yakafika ukingoni. Mashua ilishuka, ikatulia, ikakataa kwenda chini zaidi. Mpwa wangu, amevaa jaketi lake, akapanda akaketi katikati ya maji yale, nayo ikambeba. Yule mzee akaikandamiza tezi kwa mikono miwili, akaiachia, ikapanda tena. Hakutusifu. Alisema tu, "Sasa nendeni mkavue."

Wazee wangu na ndugu zangu, wahenga walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hayo ni ya nyumba. Mashua haina ukuta wa kujengwa baadaye. Ufa wake hudai siku hiyo hiyo. Mwenye mashua kuukuu na atumie shilingi yake ya kwanza pale ambapo jicho halifiki: katika ribiti, katika ubao wa tezi, na katika hewa iliyofungwa chini ya viti. Rangi na ingoje. Nasi siku hizi twaenda ziwani kila tupatapo nafasi. Ngege twapata, na mara nyingine twarudi mikono mitupu, walakini twarudi sote.